Neno la Kwanza la Kinorwei

Siku Matroni Elina aliposema anatafuta mtu wa kwenda Norwei, wahudumu wote wa wodi walinyoosha mikono, hata wale wasiojua Norwei iko upande gani. Aliposema mtu huyo lazima azungumze Kinorwei, mikono ikashuka. Ukabaki mmoja tu, wa Ikupa, na huo ulibaki juu kwa sababu mwenyewe alikuwa ameduwaa.

“Ikupa, unakijua?”

“Sikijui, Matroni. Nitajifunza.”

Wenzake wakaangua kicheko. Matroni hakucheka. Alimwita ofisini, akafunga mlango, akamweleza bila kuzunguka. Kuna hospitali rafiki huko Norwei, iko tayari kumchukua mtu mmoja akafundishwe uuguzi kwa mwaka mzima, arudi na cheti. Baada ya Pasaka atakuja mgeni kutoka huko, Bi Gunvor, atakaa na huyo mtu na kumwuliza maswali ya kawaida kwa Kinorwei: wewe ni nani, unakaa wapi, unafanya kazi gani. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa mhudumu wa mkoa mwingine ambaye ameshaanza kusoma.

“Na ya Juni unayajua,” alimalizia Matroni.

Ikupa aliyajua. Tangazo lilikuwa ubaoni, karibu na mlango wa jikoni: wahudumu wote wasio na cheti wangepunguzwa ifikapo Juni. Neno hilo la kupunguzwa lilikuwa limeshaingia nyumbani kwake mara moja. Mumewe, Nsajigwa, alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha chai mpaka kilipouzwa, na wenye kiwanda wapya wakaona mafundi ni wengi mno. Wakatolewa kwenye nyumba ya kampuni, wakarudi Kyimo kujibanza nyuma ya migomba ya baba yake Nsajigwa. Mshahara uliobaki ni wa Ikupa, mdogo, lakini ndio ulionunua chumvi, sabuni na mafuta ya taa.

“Nitakijua, Matroni,” alisema tena Ikupa. “Wee ngoja uone.”

*

Miaka ile, milango ya nchi ilipofunguliwa, soko la Tukuyu lilifurika vitu ambavyo hakuna aliyeviagiza. Kwenye marobota ya mitumba zilitoka suruali na makoti, na pia viatu vya kutelezea kwenye theluji, ovaroli za watoto zenye manyoya, na vitabu. Vitabu havikuwa na soko. Abdul, muuza mitumba, aliviweka nyuma ya meza kwa ajili ya kufungia.

Nsajigwa alikwenda pale na mkewe, na mzee Hamis mwenye hoteli ya chai karibu na stendi. Hamis alikuwa amepika kwenye meli za mizigo za Wanorwei mpaka magoti yalipogoma, na kwa malipo ya mkungu wa ndizi kila Jumamosi alikubali kumfundisha Ikupa. “Lakini mimi nina maneno ya jikoni na ya matusi,” aliwaonya. “Kitabu lazima kiwepo, na kaseti lazima ziwepo, ama sivyo mtoto wa watu atakwenda kumtukana mgeni.”

Kwa bahati Abdul alikuwa na kozi mbili za Kinorwei, zote zimetoka robota moja. Moja ilikuwa boksi lililochakaa, ndani kitabu kinene na kaseti nyingi. Nyingine ilikuwa kitabu chembamba chenye jalada linalong’aa, na kaseti yake moja. Hamis akavaa miwani.

“Hiki chembamba ni Kinorwei Kipya. Hicho kinene ni kile kingine, cha siku zote.”

“Kumbe viko viwili?” Nsajigwa aliuliza.

“Viwili. Wenyewe wanagombana kila siku kipi ni kipi. Lakini wanasikilizana.”

Nsajigwa akashika karatasi ya kitabu kipya akaisugua kati ya vidole viwili, vilevile alivyokuwa akisugua suruali kabla ya kununua. Na hapo ndipo alipokosea, na mtu yeyote wa Rungwe wa miaka ile angekosea kama yeye. Maana watu wote walikuwa wamekwisha kujifunza kwa machungu: shati jipya la dukani ukilifua mara moja limepauka, lakini mtumba wa Ulaya unavaa wewe, anavaa na mdogo wako.

“Kipya cha siku hizi? Aa-a. Nipe cha zamani.”

“Umenena, mteja wangu,” Abdul alidakia. “Mali ya zamani haichuji.”

Hamis alitaka kusema neno, lakini boksi lilikuwa na kaseti nyingi, akanyamaza. Ikupa, aliyesimama pembeni kwa heshima akiwaachia wanaume biashara, aliuliza, “Huyo mgeni mwenyewe anasema kipi?” Hakuna aliyemjibu, kwa sababu mabishano ya bei yalikuwa yameshaanza. Waliondoka na boksi. Baiskeli ya Nsajigwa ilibaki kwa Abdul, na njia nzima ya kurudi Kyimo walitembea kwa miguu wakisema maneno machache.

*

Redio ya kaseti pale nyumbani ilikuwa moja, ya baba mkwe. Jina lake la ubatizo lilikuwa Yairo, na wazee wenzake walilikata wakamwita Yai. Mimi ninaweza kulitaja. Ikupa hakuweza.

Kwa Wanyakyusa mwanamke humtila baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hasemi naye, hakai alipo yeye; wakikutana njiani, mzee hukohoa na mwanamke huingia migombani na kupiga magoti mpaka apite. Na jina lake halitamki, wala neno lolote lenye mlio wa jina hilo. Mama mkwe wa Ikupa, Mama Tulinagwe, alikuwa na baba mkwe ambaye jina lake lilifanana na neno la moto, basi tangu aolewe hajautaja moto. Husema “kile chekundu” na watu wote wa nyumbani wamezoea. Vijana wa mjini walikuwa wameanza kuyaacha mambo hayo. Ikupa hakuwa ameyaacha, na huko kwenye nyumba za kampuni hayakuwa yamemsumbua, kwa kuwa mzee alikuwa mbali.

“Ladio yangu haitoki sebuleni,” mzee alisema. “Kama anataka kusikia, atasikia.”

Ikawa hivyo. Jioni mzee alikaa sebuleni na kubonyeza vitufe mwenyewe, na Ikupa alikaa jikoni na kitabu chake, upande wa pili wa ukuta wa mianzi. Jioni ya kwanza kaseti ilikwaruza kidogo, halafu sauti ya mwanamke ikasema wazi kabisa:

“Jeg er Kari. Jeg er fra Bergen.”

Kwenye kitabu limeandikwa jeg, lakini linasomeka yai.

“Naam!” aliitika mzee.

Mama Tulinagwe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. “Baba Nsajigwa, unaitwa na Mzungu!”

“Huyu mwanamke jina langu kapewa na nani?” Mzee aliitazama redio kwa shaka. “Yai, Yai, Yai. Ananitaka nini?”

Nsajigwa naye alicheka. Huko jikoni hakukusikika kicheko.

*

Hamis alikuwa mwalimu mwenye subira kwa Jumamosi za kwanza, akimimina chai kwa wateja na kumimina maneno kwa Ikupa kwa wakati mmoja. Ikupa alishika kila kitu. Mkate, maji, kitanda, dawa, mgonjwa, jana, kesho. Alihesabu, alisalimu, alishukuru. Lakini sentensi zake zilikuwa hazina kichwa.

“Sema: jeg er Ikupa.”

“...er Ikupa.”

“Jeg bor i Kyimo.”

“...bor i Kyimo.”

“Wewe binti, unakula neno. Anza na jeg!”

Ikupa akainamisha uso. Wateja wawili waliokuwa wakinywa chai wakageuka kumtazama. Hamis akasema kwa sauti ya kusikika hoteli nzima, “Jamani, neno la kwanza kabisa! Hata kasuku wa nahodha wetu alilisema!” Wateja wakacheka, na Ikupa akakusanya kitabu chake akatoka nje kwenye mvua.

Nsajigwa, aliyeleta ndizi hotelini, alimfuata akamkuta chini ya baraza la duka la jirani. Alikuwa amekasirika kweli. “Baiskeli imekwenda. Ndizi zinakwenda. Betri zinakwenda. Na wewe neno moja linakushinda? Unataka tule nini Juni?”

“Nitamke mimi jina la baba yako?” Ikupa alimjibu, na sauti ikamkatika. “Nilitamke hotelini, mbele ya watu, nikirudia na kurudia kama ninamwita mbuzi? Ungenipenda? Mama yako angenitazama?”

Hasira yote ikamwishia Nsajigwa pale pale. Alikuwa amecheka redio ilipomwita baba yake, na hakuwaza zaidi ya kucheka. Akarudi ndani kumweleza Hamis, na Hamis akaweka birika chini.

“Loo! Mbona hamkuniambia? Mimi nijuaje mzee anaitwa nani, kila mtu anamwita Baba Nsajigwa! Kile kitabu kingine, kile Kipya, hakisemi jeg. Kinasema eg! Bosi wangu wa jikoni alikuwa wa huko kwa akina eg, nimemsikia miaka. Eg er Ikupa, basi, umemaliza, na mgeni atakuelewa!”

Waliondoka mbio mbio kwenda sokoni, Hamis akichechemea nyuma. Abdul aliwasikiliza mpaka mwisho, akajikuna shingoni. Kaseti ile alikuwa ameshairekodia muziki wa dansi. Kitabu alikuwa amempa mama muuza karanga wa pale kona. Wakaenda kona. Mama wa karanga aliwaonyesha kilichobaki: jalada linalong’aa, amelikalia kanga isilowe. Kurasa zote zilikuwa zimekwishatoka na karanga. Bila kitabu, alisema Hamis, eg moja iliyopachikwa ndani ya kile kingine mgeni ataiona ni kubabaisha. Nsajigwa, kwa aibu ya kusimama bure mbele ya biashara ya mtu, alinunua kifurushi kimoja cha karanga, na hata hicho kilikuwa kimefungwa kwenye gazeti.

*

Jioni hiyo Nsajigwa alipiga magoti mbele ya baba yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipoposa.

“Baba, mfungulie mkamwana wako. Neno hilo tu. Si jina lako anataja, ni neno la Wazungu.”

“Limetoka mdomoni mwake limekuja masikioni mwangu,” alisema mzee. “Litakuwa la nani kama si langu? Mama yako alimtila baba yangu mpaka tukamzika. Mimi nitilwe nusu?”

“Dunia imebadilika, baba.”

“Imebadilika ikakutoa kazini. Kuna zuli gani ililokuletea?”

Maneno hayo yalimchoma Nsajigwa, na akajibu ambavyo hakupaswa kumjibu baba yake. “Haya. Kiwanda kimenitoa mimi, hospitali itamtoa yeye, halafu sote tutakaa hapa tunakula heshima yako. Tuone itashibisha watu wangapi.”

“Toka,” alisema mzee. “Toka mbele yangu.”

Mama Tulinagwe alilia. Hata hivyo, kesho yake jioni mzee alikaa kwenye kiti chake, akapuliza vumbi kwenye redio, akabonyeza kitufe. Hakuna aliyemwomba. Na upande wa pili wa ukuta Ikupa akafungua kitabu. Wiki zikaenda hivyo, mvua za masika zikipiga bati, kaseti zikibadilishwa moja baada ya nyingine, na betri zikianikwa juani kila jua lilipochungulia.

Lakini mzee hakuwa kiziwi. Alisikia Kari wa Bergen anavyosema, na alisikia mkamwana wake anavyofuatisha, na kila mara palikuwa na shimo mahali pamoja. Siku moja akamwita mwanawe. Walikuwa hawajasemezana vizuri tangu yale.

“Kile kipande anachokiluka.”

“Ndicho hicho, baba.”

“Najua ndicho. Nauliza maana yake nini.”

“Maana yake ‘mimi’.”

“Mimi?”

“Ndiyo. Mnorwei akitaka kujisema mwenyewe, anaanza hivyo. Mimi ni fulani, mimi natoka mahali fulani.”

Mzee alirudisha kaseti nyuma. Akasikiliza. Huko jikoni Ikupa, ambaye hakujua anazungumzwa, akafuatisha kwa utiifu: “...er Ikupa. ...bor i Kyimo. ...arbeider på sykehus,” yaani ni Ikupa, kukaa Kyimo, kufanya kazi hospitali. Mzee akarudisha tena, akasikiliza tena.

“Kumbe kila anaponiheshimu mimi,” alisema polepole, “yeye hayupo.”

Mzee akazima redio, na jioni hiyo hakutaka chakula.

*

Jumapili, wakati wa matangazo, mzee alisimama kanisani. Alikuwa mzee wa kanisa, mshika kapu la sadaka, na mchungaji alidhani anataka kusema habari za bati la paa.

“Mchungaji, na ninyi ndugu. Nilibatizwa Yailo. Kabla ya hapo baba yangu aliniita Ambindwile. Kuanzia leo niiteni Ambindwile. Hilo lingine nimeliludisha.”

Mchungaji akakohoa. “Mzee wetu, ubatizo haurudishwi kama chupa ya soda.”

Kanisa likapasuka kicheko, kwaya mbele, watoto nyuma. Mzee alisubiri kiishe.

“Ubatizo ninao, sijauludisha popote. Jina ndilo sina haja nalo.”

“Kwa sababu gani?”

“Kuna mtu analihitaji kwa kazi nyingine,” alisema mzee, akakaa.

Upande wa wanawake Ikupa alikuwa amejifunika kitenge uso mzima. Alilia kwa aibu, na alilia kwa kitu kingine ambacho hakukipa jina. Baraza la wazee lilikaa wiki hiyo hiyo. Kapu la sadaka likapewa mtu mwingine mpaka jambo litazamwe. Kwenye njia ya Mpuguso vijana walipiga kelele nyuma yake, “Yai! We Yai!” na mzee akatembea kama hakusikia kitu. Wazee wenzake wawili waliendelea kumwita kama zamani. Hakuwaitika, nao wakakasirika wakaacha kumtembelea. Nyumbani Mama Tulinagwe alijifunza kusema Ambindwile mbele ya majirani, akikosea na kujipiga mdomo.

Wote walidhani limekwisha. Wapi! Jina lilikuwa limemtoka mzee, lakini ulimi wa Ikupa haukuwa umeambiwa. Alijaribu shambani peke yake, alijaribu kisimani, alijaribu na mlango wa wodi umefungwa. Alifungua mdomo, na kilichotoka kikaanzia tena kwenye er. Pasaka ikapita. Bi Gunvor akafika.

*

Asubuhi ya mtihani ukungu ulikuwa umelala mpaka chini ya migomba. Ikupa alishika njia ya hospitali na sare yake iliyopigwa pasi, na kabla hajafika barabarani alisikia kikohozi mbele yake. Haraka akaingia migombani, akapiga magoti kwenye majani mabichi, akajifunika kichwa. Akangoja mzee apite.

Mzee hakupita. Alisimama katikati ya njia, amempa mgongo, uso ameuelekeza Mlima Rungwe ambao siku hiyo haukuonekana hata kidogo. Tangu Ikupa aolewe, mzee huyu hakuwahi kumwambia neno, la heri wala la shari. Sasa akakohoa tena, akasema kwa sauti kubwa, akiuambia ukungu:

“Hvem el du?”

Wewe ni nani. Lilikuwa swali la kaseti ya kwanza, na r yake imegeuka l kama r zote za mzee. Ikupa akashika mdomo. Kwa Kinyakyusa hapakuwa na njia ya kumjibu. Kwa Kiswahili pia hapakuwa na njia. Kwa Kinorwei, wazee wa zamani hawakuwahi kukataza chochote.

“Hvem el du?”

Majani ya migomba yakadondosha maji.

“Mvua inakuja,” mzee aliuambia mgomba ulio karibu naye, kwa Kiswahili. “Na miguu yangu hii si ya kusimama sana.” Halafu kwa mara nyingine, polepole, kama mtu anayemwongoza ng’ombe kwenye utelezi: “Hvem. El. Du.”

“Jeg,” alisema Ikupa, na sauti haikuwa yake. Alimeza mate. “Jeg er... Jeg er Ikupa.”

Mzee aliitikia kwa kichwa kuelekea mlimani.

“Bla,” alisema. Kari wa Bergen husema “bra” kila mwanafunzi anapopatia, yaani vizuri. Akaondoka bila kugeuka nyuma.

*

Bi Gunvor alikuwa mama wa makamo, mwenye sweta la kufuma kwa mkono na kikombe cha chai asichokinywa. Matroni Elina alikaa pembeni. Hakujua hata neno moja, basi akawa anatazama midomo yao, ule wa mgeni na ule wa Ikupa. Swali la kwanza lilikuwa lile lile.

“Jeg er Ikupa,” alisema Ikupa. Likatoka. Mgeni hakuona ajabu yoyote, akauliza la pili.

Akaulizwa anakaa wapi, akasema. Akaulizwa kazi, akaeleza mpaka namna ya kumgeuza mgonjwa asiyejiweza, kwa maneno ya kwenye kitabu na mawili matatu ya jikoni melini ambayo yalimfanya Bi Gunvor ainue nyusi kisha acheke. Jeg, jeg, jeg. Kila aliposema neno hilo mgongo wake ulinyooka kidogo.

“Nani amekufundisha?” Bi Gunvor aliuliza.

“Mzee Hamis, wa mjini.”

“Na nyumbani?”

“Baba mkwe wangu.”

“Baba mkwe!” Bi Gunvor alifurahi sana, akasogeza kiti. “Ningependa kumsalimia. Anaitwa nani?”

Ikupa akafungua mdomo, akaufunga. Jina la Yairo halikuwa tena la mtu. La mzee sasa lilikuwa jingine, na hilo jingine ndilo lililokuwa lake kweli, kaliweka mbele ya kanisa zima na kupoteza kapu na marafiki kwa ajili yake. Matroni alijikunja kwenye kiti kwa hofu. Bi Gunvor alingoja, akitabasamu kumpa moyo.

“Jeg kan ikke si det,” alisema Ikupa, na sasa sauti ilikuwa yake. Mimi siwezi kulitamka.

Bi Gunvor alidhani maneno yamempotea kwa woga, akampigapiga mkono na kumwambia hayo humtokea kila mtu anayejifunza. Kisha akaandika kwamba huyu achukuliwe, safari Agosti; anajieleza vizuri sana, ila kwa mambo ya jamaa zake maneno bado ni machache.